Mjomba Ketill Ameonekana

Shamba la Ytri-Hóll,
karibu na Vík, Aislandi.
19 Septemba 2023

Mpendwa binamu yangu Dagrún,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo wetu. Goti lako linaendeleaje? Natumaini baridi ya Winnipeg haijaanza kukutesa. Sisi hatujambo. Illugi mume wangu ni mzima, ila masikio ndiyo hayo, na ubishi uko pale pale. Kondoo wameshashuka mlimani, na mwaka huu wamenona.

Ningekupigia simu, lakini jina la baba yako likitajwa tu wewe hukata. Kwa hiyo naandika. Keti kwanza, na tafadhali usiichane barua hii kabla hujafika mwisho. Utanisamehe mwandiko.

Watoto walinipa zawadi ya kutimiza miaka sabini: safari ya siku moja na mwongozaji, asubuhi kupanda barafu ya Sólheimajökull, mchana kutembezwa pwani. Nilikasirika. Mimi niliyezaliwa chini ya barafu ile nikatembezwe kama mgeni? Illugi alicheka mpaka akakohoa. "Nenda, mama, ukaonyeshwe mlima wako. Labda watakufundisha na mvua ni kitu gani!" Nilikwenda Jumamosi ili tu anyamaze.

Mwongozaji wetu, Oddný, ni msichana wa Selfoss mwenye sauti ya kuamrisha. Alitufunga njumu za chuma viatuni, akatuvisha kofia ngumu, akatupanga mstari. Mimi nikatoka mstarini. Najua njia, au sijui?

"Wewe bibi, rudi nyuma yangu!"

"Mwanangu, mimi nimecheza hapa kabla mama yako hajazaliwa."

"Ulipokuwa unacheza, barafu ilikuwa inafika kule tulikoegesha basi. Hii ya leo huijui. Rudi!"

Nikarudi, maana alisema kweli. Barafu imeyeyuka, Dagrún, ungeiona ungesikitika.

Tukiwa tunashuka, niliona pembe ya kondoo imechomoza kwenye barafu chafu kando ya njia. Kondoo kufa mlimani si habari. Lakini mtu wa kwetu akiona pembe hawezi kupita bila kusoma chapa, ili mwenye mali apelekewe taarifa. Nikainama, nikafuta matope kwa glavu. Herufi zilizochomwa kwa chuma cha moto zilikuwa bado zinasomeka: DAGRÚN.

Nilikaa chini pale pale kwenye barafu, na mama mmoja wa Kijerumani aliyekuwa nyuma yangu akadhani nimeteleza.

Alikuwa Móra, kondoo wako wa kahawia, uliyepewa na baba yako pamoja na chapa yako mwenyewe, kama watoto wa mashambani wanavyopewa. Vuli ile wenzake wote walishuka, yeye hakushuka, nawe ukalia mpaka ukakataa kula. Wiki hiyo hiyo mjomba Ketill, baba yako, akatoweka, na yule mpishi wa kiwanda cha samaki, mwanamke wa Visiwa vya Faroe, naye akaondoka na meli. Watu wakajumlisha. Vík nzima ikasema wametoroka pamoja. Mama yako akaamini, akakuchukua mkaenda Kanada. Nani angepanda mlimani kumtafuta mtu ambaye kila mmoja alikuwa na hakika yuko baharini na mwanamke?

Kwenye pembe hiyo palikuwa na kamba. Oddný aliifuata kwa macho hadi ilipozama kwenye barafu, akapauka. "Bibi, usije huku. Nakuomba, usije." Nilikuwa nimeshaona kiatu, na mguu ndani ya kiatu. Ncha ya pili ya kamba ilikuwa imefungwa kiunoni mwa baba yako.

Alimpata, Dagrún. Alimfunga Móra pembe, akajifunga na yeye, akawa anakuletea nyumbani.

Polisi walipokuja, wageni walipelekwa pwani kama ilivyopangwa. Nami nikaenda nao, kwa sababu sikujua niende wapi. Wenzangu walipiga picha za mawimbi pale Reynisfjara, mimi nikasimama kwenye mchanga mweusi nimeipa bahari mgongo, kama mtu aliyepigwa rungu. Miaka yote hiyo kila nikiiona bahari niliilaani kwa kumchukua mjomba wangu. Haikumchukua. Oddný alikuja akanivuta mkono. "Bibi, hapa hatuipi bahari mgongo, wimbi huja ghafla likabeba mtu. Huzunika, lakini huzunikia kule juu." Nilimfuata kama mtoto.

Nilipomweleza Illugi, hakuwa na utani. Alisema, "Tumemsengenya maiti zaidi ya miaka hamsini," akavua kofia yake ndani ya nyumba.

Polisi watakupigia simu. Wanataka mate yako ili wapime na kuthibitisha. Wao wana taratibu zao, mimi sihitaji kipimo.

Msalimie sana mumeo Gordon na binti yenu Freyja. Wanangu Sölvi na Ásdís wanakusalimu, wanakuuliza utakuja lini, na kitanda cha dirishani kimeshatandikwa. Mungu akutie nguvu na akufikishe salama.

Mzishi wake ni wewe, kwa hiyo hatutamzika mpaka ufike. Kwa desturi yetu kondoo ni wa mwenye chapa, kwa hiyo na ile pembe ni mali yako. Polisi walitaka kuikata kamba. Niliwakatalia. Lile fundo la kiunoni alilifunga mwenyewe kwa ajili yako, na mkono wa kulifungua ni wako.

Ndugu yako anayekupenda, na leo kuliko jana,
Hallbera