Picha ya Kanisa Letu Imeandikwa "Aibu"

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie kabla sijasema neno ambalo halitarudi mdomoni. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi hapa Kalamba, na kwa miaka sita sasa napiga picha majengo ya wakati wa uhuru, yale ya paa bapa la zege na kuta za matofali yenye matundu, nimefika mpaka Sultan Hamud na Kyuso kuyatafuta, lakini ninalolipenda kuliko yote ni kanisa letu wenyewe, lililojengwa mwaka 1965, kwa sababu saa tisa mchana jua hupenya kwenye yale matundu na mwanga hutapakaa sakafuni kama ndengu zilizoanikwa, na mimi hungoja ibada iishe, watu watoke wote, viti visogezwe, ndipo nipige. Picha hizo huziweka mtandaoni na watu wa nchi za mbali huniandikia kunisifu.

Sasa mume wangu, Ndolo, ndiye mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, na kamati inataka kanisa libomolewe lijengwe lingine. Alichukua picha yangu bora kwenye simu bila kuniuliza, wakaitia giza, wakachora nyufa ambazo hazipo, wakaandika "TUONDOE AIBU HII" na kuibandika mlangoni mwa kanisa, eti washirika waione kabla ya kura ya mwisho wa mwezi. Nilipomuuliza alisema, "Wewe na hiyo matundu yako. Watu wanapita hapa wanatucheka. Kanisa zingine ziko na vioo ya bluu." Nikamwambia, "Hiyo ufa mlichora iko wapi, nionyeshe." Akaendelea kunywa chai. Mama yangu, Kalunde, alibeba mchanga wa kanisa hilo kutoka mtoni akiwa msichana, na alipoiona karatasi hiyo aliuliza ni aibu ya nani. Nina hasira hata siwezi kuketi karibu na mume wangu kanisani. Je, nihamie kanisa lingine?

Ndinda, Kalamba

Ndinda,

Hasira yako ni ya haki, na mimi nimeongeza yangu. Mume kuchukua kazi ya mkewe bila ruhusa ni utovu wa adabu. Kuchora nyufa ni uongo, na huo umebandikwa kwenye mlango wa kanisa. Ndolo akisoma hapa, ajue ni yeye ninayemsema.

Lakini na wewe keti nikuambie. Nimetazama picha kumi na mbili ulizotuma pamoja na barua. Ni nzuri, ile ya ukuta nimeirudia mara tatu. Hakuna hata mtu mmoja ndani yake. Miaka sita unangoja washirika watoke ndipo uone uzuri wa kanisa lao, halafu unashangaa kwamba wao hawauoni? Mtu wa ng'ambo anajua jua linavyoingia kwenu, na mama anayefagia sakafu hiyo hujamwonyesha hata picha moja.

Usihame. Ukihama, kura yako imehama nawe. Mwambie Ndolo aibandue karatasi hiyo kwa mkono wake mwenyewe na aieleze kamati kwamba nyufa zilichorwa. Asipofanya hivyo, simama kwenye mkutano useme wewe, bila matusi.

Kisha watafute waliobaki wa mwethya, kile kikundi cha kazi ya pamoja kilichojenga kanisa, wanawake waliobeba mchanga na wazee waliomwaga zege. Jumapili hii ibada ikiisha usimruhusu hata mmoja aende. Wapikie chai wakae mpaka saa tisa, wasimame mbele ya ukuta ule mwanga ukiwaangukia, upige picha. Ichapishe kubwa, ibandike kwenye mlango ule ule, na chini yake andika majina yao tu. Washirika wanaweza bado kubomoa, kanisa ni lao. Lakini watapiga kura wakijua wanabomoa kazi ya nani.

Anza na mama yako. Aliuliza swali na hakuna aliyemjibu. Akichoka kusimama, mpe kiti, na kiti hicho akibebe Ndolo.