Kurudia Wapi?

Siku ya pili ya juma, 6 avril 1993
Juma ya tatu sasa tunalala mu cour ya gare, kiwanja ya stesheni. Train haiko. Kila asubui banasema: kesho. Mi nachoka na hii kesho!

Mama angali na ufungulo ya nyumba yetu ya Kapata, hapa Kolwezi, anaifunga mu kitambaa. Siku bajeunes, vijana ba Katanga, balikuja kutufukuza — "Bilulu, bidudu ninyi, mwende kwenu Kasai!" — yeye aliomba dakika tano afagie. Afagie! Hata pavé ya chini alipangusa. Eti hauwezi kuachia mwanamuke mwenzako nyumba chafu. Sasa Simone, jirani, njo analala mule. Mama anasema afazali yeye, anajua robinet ya mayi yenye kuvuja. Aka!

Siku ya tatu, 7 avril
Karani alikuja na liste ya batu ba kupanda train. Jina? Charlotte Kalonji. Ulizaliwa wapi? Kolwezi. Carte ya kitambulisho? Sina. Balikataa kunipa, eti niende kuiomba kwetu. Village, kijiji ya babu? Sijue! Babu alikuja kuchimba shaba mbele tata, baba yangu, azaliwe. Karani alikasirika: mutu gani hajue kwao? Nilimuonyesha Kapata na kidole. Batu balicheka. Yeye hapana.

Siku ya ine, 8 avril
Sasa banasema niko na kinywa, najua kusema. Kila mutu ananiletea papier nimusomee. Niliomba hii kazi wapi?

Lakini nilisoma. Chini ya liste, mu maandishi madogo ya Kifaransa: tunarudia kwetu kwa kupenda, hatutaomba tena nyumba wala kazi. Kwa kupenda! Na mutoto wa Fidélie, mwenye kulala karibu yetu hapa, tulimuzika juzi nyuma ya rails ya train!

Nilipanda juu ya malle yetu, sanduku ya bitu, nikasoma yote mu Kiswahili, na sauti. Nikasema: bafute ile, baandike "tunafukuzwa", njo tutatia kidole ku liste, kama signature. Muzee Tata Tshimanga, fundi wa zamani wa mugodi ya Musonoi, akaitika: "Kidole kimoja hakivunje chawa. Hakuna mutu kutia!" Bote: ndiyo!

Siku ya tano, 9 avril
Vendredi saint, Ijumaa Kuu — na train inafika! Karani anaikala ku meza, ku mulango ya wagon, na liste na encre, wino ya kidole. Hakuna kidole, hakuna kupanda. Maneno "kwa kupenda" ingali palepale. Nasema hapana. Batu mia mbili banasimama nyuma yangu, bitu ku kichwa, hakuna mwenye kusogea. Naandika hapahapa, wima, kila kitu chenye karani anasema, aone tunaandika. Anaangalia saa. Train inapiga filimbi.

Mama anapita mbele yangu.

Mama! Namuambia: ngoja kidogo, atakubali. "Charlotte, mi nachoka. Sitaki munizike nyuma ya rails." Anafungua kitambaa. Anaweka ufungulo ku meza ya karani. "Mumupelekee Simone. Robinet, akaze polepole."

Anatia kidole mu encre.

Batu mia mbili banaangalia kile kidole. Kiisha banageuka, bananiangalia mimi —