Ufagio Uligusa Jiwe, Supu Ikapoa

Mmepotea wapi ninyi? Wiki tatu nzima ukurasa huu umekaa bila barua hata moja, nikalazimika kuwajazia nafasi kwa mapishi ya supu. Supu ya maharage, supu ya sukuma na viazi, supu ya kichwa cha samaki, mpaka mhariri akaniuliza kama nimefungua hoteli. Mnadhani hamna matatizo? Mnayo. Nawaona mkipita mbele ya dirisha la jiko langu pale klabu ya barafu, mmeinamisha vichwa na kusingizia upepo. Haya, mmoja amejitokeza. Mjukuu wangu Celeste amenisomea barua yake mara mbili, maana mimi na herufi hatujawahi kutambulishana, na jibu langu ameliandika kama lilivyonitoka mdomoni, hata pale aliponiomba nipunguze ukali.

*

Mpendwa Bibi Deolinda, shikamoo. Naomba unisaidie, na naomba usicheke kabla hujafika mwisho, kwa sababu mwanzo wake unachekesha lakini mwisho umenikaa kooni kama mfupa.

Mimi ni mwanafunzi, nimetoka Paragwai, kwetu barafu ni kitu cha kutia kwenye kinywaji, na nilipofika Winnipeg mwezi wa tisa sikumjua mtu hata mmoja, nikawa nakula peke yangu mbele ya kompyuta kila siku, mpaka mchana mmoja chumba cha kufulia nguo pale bwenini msichana anaitwa Marlee akanitazama akaniuliza, "Wewe, una mikono miwili?" nikasema ndiyo, akasema, "Basi umeingia timu, tunatafuta mfagiaji," nami nikadhani ni kazi ya usafi, nikakubali kwa sababu hakuna mtu mwingine aliyekuwa amenisemesha wiki ile.

Kumbe ni huu mchezo wenu wa mawe. Nikafundishwa kwamba mmoja analisukuma jiwe zito kwenye barafu, wawili wanakimbia mbele yake wakisugua barafu kwa fagio ili lifike mbali, na jiwe lililo karibu zaidi na kitovu cha duara ndilo linalopata pointi. Siku ya kwanza nilianguka mara saba, Jerome, mwenzetu aliyezaliwa hapahapa, alihesabu kwa sauti ukumbi mzima ukasikia, na Mzee Wilf wa timu ya madereva wastaafu wa mabasi akaacha mchezo wake akaja kunifundisha namna ya kuanguka bila kuvunja mkono, akasema, "Kusimama utajifunza baadaye, mwanangu, anza na kuanguka." Tangu siku hiyo, Bibi, nikawa na watu. Tenzin kutoka Nepali ndiye mfagiaji mwenzangu, tunapanda basi pamoja na fagio zetu na kila dereva anatuuliza kama tumekuja kulisafisha, Jerome analeta tambi za mama yake kwenye bakuli kubwa, na Marlee hunicheka kwa sababu nakunywa chai yetu ya baridi kwenye pembe la ng'ombe, anasema, "We Paragwai, nje ni thelathini chini ya sifuri na wewe unatia barafu kwenye chai, una wazimu wa daraja gani?"

Sasa aibu yangu. Leo ni siku ya tisa tangu tucheze nusu fainali na timu ya Mzee Wilf, tulikuwa sare, limebaki jiwe moja tu na ni letu, Marlee akalisukuma, mimi na Tenzin tukafagia kama watu wanaofukuzwa na nyuki, na karibu na duara mguu wangu ukateleza kidogo, ufagio wangu ukagusa jiwe. Kidogo, Bibi, kama unavyomgusa mtu begani kumpita kwenye foleni. Hakuna aliyesema kitu. Jiwe likaenda likasimama katikati kabisa, Marlee akapiga kelele, Jerome akanibeba, na mimi nikiwa hewani najua kwamba mchezo huu hauna refa, ufagio wako ukigusa jiwe linalotembea unasema mwenyewe "nimegusa" na jiwe linatolewa, maana Marlee alinieleza siku ya kwanza, akasema, "Huku hatuchungani." Nilifungua mdomo kusema, ikatoka "Hongereni."

Halafu Mzee Wilf akanishika mkono akasema nimefagia vizuri. Nilijua desturi, walioshinda wanakaa meza moja na walioshindwa na kuwanunulia kinywaji, lakini sikuweza kukaa mbele ya yule mzee, nikasema tumbo linaniuma, nikakimbilia basi. Tangu siku hiyo sijakanyaga klabu wala mazoezini, nawaambia nina mtihani.

Fainali ni Jumamosi hii na tuzo ni bata mzinga wanne, Jerome ameshaomba jiko la mama yake, na Marlee anamaliza masomo, huu ni msimu wake wa baridi wa mwisho hapa na hajawahi kufika fainali tangu utotoni. Nikisema, nitamnyang'anya fainali yake na wao wataniacha, nitarudi kula peke yangu. Nisiposema, siwezi kula kabisa. Nimefikiria nijifanye mgonjwa nijitoe kwenye timu kimyakimya, labda hiyo ndiyo njia ya heshima. Nisaidie, Bibi.

Ni mimi, Mfagiaji Mwenye Doa.

*

Wewe mtoto, jina la kujificha la nini? Mji huu una watu wangapi wanaokunywa chai ya barafu kwenye pembe la ng'ombe huku kamasi zimewaganda puani? Nilikujua Celeste alipofika neno la tano. Jina lako silitaji, lakini usijidanganye kwamba umejificha. Umejificha kama tembo nyuma ya ufagio.

Nimecheka, ndiyo. Niliposikia ulidhani umeajiriwa usafi nilicheka mpaka nikamwaga kahawa. Kisha nikafika pale kwenye "Hongereni," nikaacha kucheka, kwa sababu na mimi mdomo wangu umewahi kunifanyia hivyo.

Kwanza nikuondolee mzigo mmoja. Kugusa jiwe si dhambi. Nimepika katika jiko lile miaka mingi kuliko umri wa baba yako, nimeona mabingwa wakigusa mawe, padri akigusa jiwe, na mke wa padri mwingine wa dhehebu jingine akilipiga teke kabisa. Mguu huteleza, ni barafu ile, si zulia. Wanasema "nimegusa," jiwe linatolewa, mchezo unaendelea. Na kuchelewa kusema nako kunasameheka, ulikuwa umebebwa hewani na mwenzako kama mfuko wa viazi. Ungeshuka, ungevuta pumzi, ungesema. Dakika moja ilitosha.

Lakini wewe ulikimbilia basi! Hapo ndipo nina ugomvi na wewe, na nashangaa katika barua ndefu vile hapo umepapita mbiombio, kama mtu anayepita nyumba ya anayemdai. Unadhani jiwe ndilo kosa kubwa. Keti nikuambie kilichotokea mezani ulipoondoka.

Mzee Wilf alivua koti lake akaliweka juu ya kiti cha pembeni yake. Jerome alipotaka kukaa pale, mzee akamwambia, "Hapana kijana, hapo pana mtu."

"Nani?"

"Yule wenu wa Paragwai. Kaenda msalani."

"Mzee, ameondoka. Anaumwa tumbo."

"Basi atarudi likipona. Bibi, mtilie supu yake."

Nikatia. Ya sukuma na viazi, ile unayoipenda, na kipande cha soseji juu. Ilikaa mbele ya lile koti mpaka ikafanya utando. Desturi ile hatukuiweka kwa ajili ya kunywa, mtu anaweza kunywa kwake. Tuliiweka ili pasiwe na mtu anayeondoka pale na jiwe moyoni, awe ameshinda au ameshindwa. Wewe umeondoka nalo.

Sasa nikupe jingine, na hili litakuuma zaidi. Jumanne mfagiaji mwenzako alikuja jikoni kwangu, akasimama anakoroga soda kwa kijiko. Nani anakoroga soda? Nikamwambia, "Tema."

"Bibi, mtu akigusa jiwe bila kuwa na hakika, ni kosa?"

"Ufagio ni wako. Wewe unaonaje?"

"Nilisikia mtikisiko. Kama kitu kimegonga. Na mwenzangu akaondoka palepale, hata usoni hakunitazama, na mazoezini haji tena. Nadhani aliniona, Bibi. Nadhani ananionea aibu ameshindwa kuniambia."

Umesikia? Hakuniandikia barua, kwa hiyo hiyo si siri ya ukurasa huu, ni maneno ya jikoni, na maneno ya jikoni nayagawa kama mkate pale yanapohitajika. Nilimwambia arudi nyumbani akale. Wewe ulikuwa bado hujaandika. Siku zote hizo umekaa bwenini ukidhani kimya chako kinawalinda wenzako, na kumbe mmoja wao amekichukua kimya hicho akakivaa kama shati lake. Yule mtoto anabeba jiwe lako. Nepali kwao kuna milima, lakini hakuja huku kubeba mizigo yako.

Na hiyo "njia ya heshima" uliyoibuni, ya kujifanya mgonjwa! Heshima gani hiyo? Utaiacha timu na wafagiaji pungufu siku ya fainali, utamwongopea Marlee mara ya pili, na utamwacha Tenzin akiamini yeye ndiye aliyekufukuza. Huo ni uongo juu ya uongo. Ukinijia nao mlangoni nitakupiga kwa mwiko.

Unasema, "Wataniacha, wataniacha." Umewauliza? Hujawauliza. Umewashtaki, umewahukumu na kuwafunga, na wao wako mazoezini wanasema, "Mwache, ana mtihani." Msichana aliyekuokota chumba cha kufulia nguo kwa sababu una mikono miwili hakukupima kwa jiwe. Atakasirika, ndiyo, ana haki, fainali ni yake. Huenda akakutupia glavu. Iokote, umrudishie, usiseme kitu.

Mimi nilipofika mji huu kutoka visiwani kwetu, nilivunja sahani ya jirani, ile ya maua aliyoniletea keki juu yake. Nikaona haya. Miezi mitatu nilikuwa nachungulia dirishani nione ameondoka ndipo nitoke kutupa taka. Siku nilipogonga mlango wake na vipande mfukoni, sahani alikuwa ameshaisahau kabisa. Ile miezi mitatu ya kumkwepa ndiyo hakuisahau. Aliniuliza, "Nilikukosea nini?" Mpaka leo naisikia sauti yake. Kwa hiyo usinifundishe aibu, naijua tangu haijaota meno.

Sikiliza sasa utakalofanya. Jibu hili Celeste anakutumia leo Jumatatu, gazeti linatoka Alhamisi. Leo hii, kabla hujala, nenda kwa Tenzin. Kwanza yeye, si Marlee. Umwambie neno moja: "Ni mimi." Atakuelewa. Kisha nendeni wote wawili kwa Marlee na Jerome, umwambie Marlee yote pamoja na habari ya basi, usianze na maelezo ya mguu kuteleza, anza na "niligusa." Halafu Marlee, kwa kuwa ndiye nahodha, atampigia Mzee Wilf, na wewe utakuwa umekaa pembeni yake simu ikiita. Nani acheze Jumamosi wataamua hao wawili. Si kazi yako wala yangu, na usije ukajitolea kuamua kwa niaba yao ili uonekane mwema. Wakisema madereva ndio wacheze, utakwenda kuwashangilia mpaka sauti ikauke. Wakisema mcheze ninyi, utafagia, na ukigusa utasema kwa sauti ya kufika mpaka jikoni.

Kama Mzee Wilf aliona siku ile au hakuona, usimuulize. Ana miaka hamsini anatazama mawe. Lakini jambo moja lazima ulikubali: jiwe lile likitolewa, mmeshindwa ninyi, na mshindi ndiye anayenunua. Yule mzee atakununulia kinywaji, na wewe utakinywa mbele yake, chote, ukiwa umekaa. Hiyo ndiyo adhabu yako. Utaona ilivyo tamu na inavyochoma.

Ukimaliza, mpigie Celeste. Ukisema, barua yako itachapwa pamoja na haya. Usiposema, sitakuumbua, ukurasa wangu utatoka na mapishi ya supu kwa wiki ya nne, na mhariri atajinyonga. Kwa hiyo ninyi wasomaji wengine, mkiona mnasoma haya na si namna ya kukata sukuma, mjue kijana amesema, mmpishe akae.

Na wewe, Jumamosi usiingie kwa mlango wa mbele kama mgeni. Pitia jikoni, futa viatu theluji, na uniletee lile bakuli langu la mfuniko wa buluu uliloondoka nalo kabla ya Krismasi. Lioshe kwanza.