Mashine ya Vifaranga

Kolwezi, 4 Machi 1957

Ndugu yangu Tshibangu,

Nakusalimu sana. Uko mzima? Sisi tupo, ila tangu tumzike binti yetu Tshiela bado naweka sahani yake mezani, kisha nairudisha.

Sasa Omer anakohoa tangu Krismasi. Amekonda, lakini mdomo wake haukukonda: "Mama, mi nabweka kupita imbwa ya Bazungu!" Tata Kisimba, muuguzi wa hospitali, anasema, "Mama, bila foto ya kifua hatuwezi kumulaza mutoto." Foto hiyo inapigwa kwa mashine ya mionzi. Wewe unafanya kazi na mashine kama hiyo. Nimebaki na mtoto mmoja. Nimpeleke?

Yaya wako,
Mbelu


Elisabethville, 15 Machi 1957

Yaya Mbelu, dada yangu mkubwa,

Jambo yako, na jambo ya shemeji. Mimi mzima.

Nakuambia nilichoona kwa macho yangu. Hapa maabara tunaweka vifaranga chini ya mashine. Wanatoka wakilia vizuri, wanadonoa. Kesho yake wanasinzia, wanahema midomo wazi, wanakufa. Daktari akiwapasua hunionyesha: mishipa midogo ya damu imeharibika, maji ya damu yamevuja hadi moyo hauna cha kusukuma. Kuku wakubwa wanavumilia. Wadogo hapana.

Omer ni mdogo. Usimpeleke, yaya. Mpe maziwa, apumzike.

Mdogo wako,
Tshibangu


Elisabethville, 6 Aprili 1957

Yaya,

Salamu, nina haraka. Leo nilimweleza daktari habari za Omer. Alicheka, kisha akaacha kucheka. Anasema foto ya kifua ni mionzi kidogo sana, mara moja imekwisha. Vifaranga wetu tunawachoma kwa muda mrefu, makusudi, ili tuone mishipa inavyoharibika. "Na kikohozi hicho siku hizi kina dawa," alisema. "Ampeleke leo."

Sikujua. Mpeleke, yaya. Usingoje barua nyingine.

Mdogo wako,
Tshibangu


Kolwezi, 29 Aprili 1957

Ndugu yangu,

Tunakusalimu, baba Omer na mimi. Afya tunayo.

Tata Kisimba alinifuata mpaka nyumbani. Nilimsomea barua yako ya kwanza. "Tata," nikamwambia, "mwanangu si kifaranga." Alinisihi sana, nami nikafunga mlango.

Barua ya pili ilifika Jumanne. Omer tulikuwa tumemzika Jumapili. Asubuhi yake ya mwisho aliomba mkate uliochovywa kwenye chai. Alikula pale palipolainika tu, akanirudishia gamba, akasema, "Hii ya baba, yeye iko na meno."

Sikulaumu. Niliuliza, ukanijibu kwa upendo. Lakini usiniandikie kwanza. Wakiita jina langu pale posta, nageuka narudi nyumbani. Siku nitakayoweza, nitaandika mimi.

Yaya wako,
Mbelu