Kadi ya mtandao iliyopita kwa kura

Maite, siamini. SIAMINI.

Niliwaambia pale kwenye ushirika wetu wa intaneti, kabla ya kununua kadi ya mtandao tuangalie kama mfumo huria unaoendesha seva yetu unaitambua. Mwenyekiti Evaristo akaweka chini kibuyu chake cha chai ya yerba: "Binti, hapa tunaamua kwa kura."

Wakachagua yenye boksi la rangi za timu yao ya soka. Timu, Maite!!

Leo nimeichomeka. Seva haioni kitu. Mtaa mzima hauna intaneti, simu zinalia kama kichaa.

Nikamwambia Mwenyekiti, "Mzee, mfumo hauitambui!"

Unajua kajibu nini? "Itisha mkutano."

Wamepiga kura kwamba kadi inafanya kazi. IMEPITA.

Sasa nimetumwa nikaiambie seva.