Posa ya Profesa

Shumba Viamboni,
Pemba.
12 Juni 2009

Mpendwa mwanangu Shaame,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta mzima na baridi ya huko imepungua. Mimi sijambo, ila magoti. Mama yako, dada yangu Bi Mwanamize, ni mzima na amenipa chumba cha uani, nami nakaa humo kama mgeni katika kijiji nilichozaliwa.

Posa uliyoniomba niliipeleka Gombani Jumapili. Tulipokewa vizuri. Kisha Mzee Jaribu, baba yake Moza, akauliza kama ilivyo ada: mposaji anafanya kazi gani?

Nilikuwa nimejiandaa. Nikasema unapiga hesabu kwa kompyuta kujua seli za mwili zinavyojipanga kidonda kinapopona, ili wahandisi watengeneze ngozi ya bandia.

“Kwa hiyo anatibu?”

“Hatibu. Anasomesha hesabu, na uhandisi wa viumbe hai.”

“Mhandisi. Amejenga nini?”

Bakar, mdogo wake Mzee Jaribu, akacheka: “Bwana Msellem, umeleta posa au umeleta fumbo?”

Nikaona nikupandishe kwa kutaja vyuo vitatu ulivyofundisha, na ulivyohama kutoka idara ya hesabu kwenda ya uhandisi. Mzee Jaribu akauliza kwa upole chuo cha mwanzo ulifukuzwa kwa kosa gani. Nilimweleza kuwa kwenu kuhama ni kupanda cheo. Sidhani alinisadiki. Nami, mwanangu, nimesoma makala zako zote ulizonitumia, na bado sijui ningesema nini.

Jibu lao tutapewa kabla ya Ramadhani. Lakini tulipokuwa tunavaa viatu, Bi Mwanapili, shangazi yake Moza, alinivuta pembeni. Akasema Moza hajali kazi yako. Anauliza kama utarudi Pemba, au yeye ndiye atakufuata huko.

Nilitaka kusema utarudi. Ndivyo nilivyokuwa nikimwambia marehemu mke wangu, kwamba tutarudi, miaka yote tuliyokaa Tanga baada ya Mapinduzi, na amezikwa huko huko. Badala yake nilimwambia Bi Mwanapili nitakuuliza.

Kazi yako nitajifunza kuieleza. Hili lijibu mwenyewe, na usiandike la kutufurahisha sisi wazee. Kama hujui, andika kwamba hujui, nami nitampelekea hivyo hivyo.

Mama yako anakusalimu sana, na dada yako Mwanawema na wanawe pia. Mungu akuhifadhi na akuoneshe lenye kheri.

Wako akupendaye,
Mjomba Msellem