Nafasi Tupu Niliyoijaza

Jumatatu, 3 Machi

Ukurasa wa majibu ya maabara umeenda hewani! Mgonjwa anaingiza namba yake, anasoma majibu akiwa kwake. Mpole — ndivyo tunavyomwita dada wa meza ya pili — aliuliza mbele ya wote, je, kiolezo cha ukurasa kisipoipata namba ya mgonjwa kwenye kamusi, yaani orodha ya majibu, itakuwaje? Nikacheka. Nikamwambia kikikosa huacha wazi, na mimi nafasi tupu zinaniudhi, kwa hiyo nimeshaweka maneno: "Hakuna tatizo". Wote wakacheka. Yeye akainamia kompyuta. Kisha nikamwomba apandishe faili langu kwa akaunti yake, mimi nikawahi keki ya kusherehekea.

Jumatano, 12 Machi

Nesi wa kliniki kapiga simu. Mama mmoja sukari iko juu mno, ukurasa unamwambia hakuna tatizo. Kaacha dawa! Nikasema labda kaingiza namba ya mtu mwingine. Nikajaribu namba kumi. Zote zinajibiwa "Hakuna tatizo". Hata namba ya uongo.

Kosa ni langu, tena la mwanafunzi. Kwenye msimbo, baada ya nukta ya kuitia majibu, niliandika neno "namba", nikidhani kiolezo kitachukua namba ya mgonjwa. Kumbe kinatafuta ufunguo, yaani jina la jibu kwenye orodha, unaoitwa hivyo hivyo, "namba". Haupo. Wala hakilalamiki, kinanyamaza, halafu maneno yangu yanakaa pale. Nilikuwa nimejaribu kwa mgonjwa mmoja tu, tena mzima. Waliosoma ni arobaini na mmoja.

Alhamisi, 13 Machi

Ukurasa umefungwa. Mkuu wetu katazama kumbukumbu ya mabadiliko ya faili, kakuta jina la Mpole. Kanigeukia, kaniuliza kama nina la kuongeza. Nikasema tutachunguza. Tutachunguza! Mimi, ninayewafundisha wengine kazi. Mpole alinitazama mara moja, basi. Naona aibu hata kuandika hapa.

Ijumaa, 14 Machi

Barua ya kumwonya Mpole iko kwa Mkuu, itatiwa sahihi saa nane. Mwenyewe kapewa orodha awapigie wagonjwa mmoja mmoja. Asubuhi nilimfuata kwenye birika la chai nimwambie nitakwenda kusema ukweli. Nikaishia kumuuliza kama majani yapo. Akanisogezea kopo.

Saa nane kasoro kumi. Ukuta wetu ni wa mbao, nasikia kila kitu. Mpole kafika kwenye namba ya yule mama wa sukari. Simu kapokea mwanawe. Mama kalazwa tangu jana, hajitambui vizuri. Mpole akamwambia:

"Ni kosa langu, kaka. Niliuliza mara moja, ningeuliza tena."

Mlango wa Mkuu uko hatua sita. Nimesimama.

Nimekaa tena, niandike kwamba nilisimama —